Kuona Boma Uchina

Nilienda Uchina kugombana. Wengine huenda kuleta bidhaa, wengine huenda kusoma. Mimi nilipanda ndege nikiwa nimekunja uso tangu Nakuru, na niliukunjua mara moja tu, chakula kiliponishinda kufungua ikabidi nimwombe msaada mtu wa kiti cha pili. Nina wavulana wawili na msichana mmoja. Msichana huyo alikwenda huko kusomea mambo ya mitambo, akamaliza, akapata kazi, akasema atakaa kidogo tu apate uzoefu. Halafu jioni moja akapiga simu kuniambia kuna kijana. Si kijana wa Bahati, si wa Molo, si hata wa Mombasa. Wa huko huko. "Njoo umwone kwanza, Mama, halafu useme," akaniambia. Nikajibu nitakuja. Sikumwambia kwamba nilikuwa ninakuja kumrudisha nyumbani.

Sitaki mtu anifikirie vibaya. Sikuwa na neno na Wachina. Shida yangu ilikuwa umbali. Mtoto akiolewa Rongai, unaamka asubuhi, unabeba ndizi, unafika wakati wanaandaa chai. Akiolewa Uchina unamwona kwenye simu, uso umeganda, mdomo wazi, na unaambiwa mtandao ni mbaya. Nilikuwa nimechoka kuongea na mtoto aliyeganda.

Tena mimi si mtu wa kuongea polepole. Nilizaliwa Elburgon katikati ya misumeno, sasa nina yadi yangu ya mbao kando ya barabara ya kwenda Rongai, na sauti yangu ilikua ikishindana na mashine. Madereva wa malori wanaoniletea mbao mbichi wakiapa zimekauka hawarudii mara ya pili. Kwa hivyo niliposhuka kwenye ndege nilikuwa na hotuba yangu tayari, nimeipanga vizuri, na mahali pa kulia nimepaweka.

Kijana mwenyewe alikuja uwanjani pamoja na msichana wangu. Akanipokea mizigo yote, hata mkoba wa mkononi, akanisalimia kwa Kiswahili cha kukariri: "Shikamoo Mama, karibu, pole na safari." Kwetu Nakuru hata watoto wangu mwenyewe hawaniambii shikamoo. Alikuwa kijana mzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kijana mbaya.

Jioni hiyo nikakutana na mama yake. Mama mdogo wa mwili, nywele fupi zenye mvi, mume wake alifariki zamani na kijana ni mtoto wake wa pekee. Hakusema mengi. Kazi yake ilikuwa kuniwekea chakula kwenye bakuli. Nikimaliza kimoja, anaweka viwili. Nilimpa majani ya chai niliyombebea kutoka nyumbani, akayanusa, akainama kunishukuru, akaenda kuyapika bila maziwa. Nilikunywa kwa sababu ya adabu.

Siku chache baadaye msichana wangu akaniambia, "Mama yake anataka kutembea na wewe kesho. Wewe na yeye tu. Mimi nitakuwa kazini, nitawakuta saa ya chakula."

"Tutaongea lugha gani?"

"Hamtaongea. Mtatembea. Ameniambia hataki kukupeleka mahali mabasi ya watalii yanaenda. Ana njia yake."

Hapo nikaelewa kila kitu, ama nilidhani nimeelewa. Kwetu, kabla msichana hajaolewa, watu wake huenda kuona boma. Wanavaa nguo nzuri, mashangazi wanajaa kwenye gari, wanafika kwa kina kijana na kutembezwa. Hapa ndipo ng'ombe hulala, hili ndilo tangi la maji, pale mwisho wa ua wa saiprasi ndipo mpaka wetu. Watu wa msichana wanatembea wakitazama juu kama watu wasiojali, lakini macho yanahesabu hadi kuku. Na lazima uwe macho kweli. Dada yangu wa Rongai alionyeshwa trekta siku moja, akalisifu, akarudi nyumbani akilisimulia, kumbe ni la jirani, limeegeshwa pale kwa ajili ya wageni. Tangu siku hiyo yeye ndiye mkaguzi wetu wa maboma.

Basi nikasema, sawa. Wacha wanionyeshe. Hakuna boma lisilo na kasoro, na mimi nitaitafuta hiyo kasoro, nitaishika, na ndiyo nitakayoitumia kumrudisha mtoto wangu. Asubuhi nikavaa kitenge changu cha harusi za watu, nikafunga kilemba, nikatia miguu kwenye viatu vya kanisani vyenye kisigino. Mama wa kijana alikuja na viatu vya kitambaa na mfuko begani. Akatazama viatu vyangu, akatazama juu, akasema neno fupi. Nikatabasamu. Tukaanza.

Tulipita barabara kubwa kwanza, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama yule atakufa kwa pikipiki. Pikipiki zao ni za umeme, hazina sauti. Boda boda ya Nakuru unaisikia ukiwa bado kitandani, lakini hizi zinakuja kimya mpaka zinakugusa sketi. Yeye alikuwa anavuka tu, anatazama mbele. Nikamshika kiwiko, nikanyoosha mkono mwingine kuwazuia wale wa pikipiki, nikawaangalia kwa yale macho ninayowaangalia madereva wa malori. Walisimama. Uso wangu hauhitaji kutafsiriwa.

Halafu tukakata kona, na mji ukanyamaza. Sijui niseme vipi. Nyuma ya barabara ile yenye maduka ya vioo kulikuwa na vichochoro vya mawe, nyumba nyeupe zenye paa jeusi, nguo zimeanikwa kwenye fito, paka amelala juu ya baiskeli. Mtu alikuwa anakwangua karoti mlangoni, na nilisikia kile kisu. Nikajikuta ninanong'ona peke yangu bila sababu.

Mahali pa kwanza palikuwa kisima. Kisima cha mawe katikati ya uwanja mdogo, ukingo wake umelika kwa kamba za miaka mingi hadi umefanya mifereji. Mama yule akasimama. Akapapasa ule ukingo polepole, akaninyooshea kidole, kisha akafanya mikono kama mtu anayemwaga maji kutoka juu, akacheka peke yake. Haya, nikajua tumeanza ukaguzi. Nikachungulia ndani. Maji yalikuwepo. Nikatoa simu nikampigia dada yangu. Kenya kulikuwa hakujapambazuka, lakini yeye huamka mapema kukamua.

"Wana kisima," nikamwambia.

"Chao?"

"Mama mwenyewe amekipapasa mbele yangu."

"Uliza tena. Unakumbuka trekta."

"Niulize na mdomo gani? Nimekwambia hatuongei!"

"Maji yamo?"

"Yamo."

Nikasikia maziwa yanagonga ndoo, halafu dada yangu akasema kwa uchungu wa mtu anayeteka maji kwa punda, "Hawa ni watu wa maana."

Mahali pa pili palikuwa daraja. Daraja la mawe juu ya mfereji, dogo, limepinda mgongo, na jiwe moja la ukingo wake limevunjika pembeni. Mama akaniita nilione jiwe lile. Akaligusa. Kisha akagusa kidevu chake, akakivuta kwa vidole viwili kuelekea chini, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikafikiri sana. Kidevu. Ndevu. Mzee mwenye ndevu. Nikaelewa kwamba babu yao ndiye aliyelijenga daraja lile na sasa ni marehemu. Nikavua miwani ya jua, nikainamisha kichwa kumpa heshima marehemu. Mama alinitazama kwa mshangao kidogo, halafu naye akainama.

"Daraja?" dada yangu aliuliza nilipompigia tena. "Daraja gani hiyo mtu anakuwa nayo?"

"Babu alijenga."

"Watu wanalipa kupita?"

"Sijaona mtu akilipa."

"Basi ni wakarimu pia." Na akakata simu, na ninajua alikokuwa anaenda, kwa sababu hadi leo kuna watu Rongai wanaojua kwamba ukoo wetu umeoana na wenye daraja.

Mimi nilikuwa sifurahi. Nilikuja kutafuta kasoro na boma lilikuwa linaongezeka tu. Halafu viatu vilikuwa vimeanza kunila. Yale mawe ya vichochoro ni ya duara, na kisigino changu kilikuwa kinaingia kila ufa. Nilikuwa ninatembea kama ndama aliyezaliwa jana, kilemba kikiteleza, na yule mama mbele yangu anaenda taratibu, hana haraka, anasimama kungoja kila baada ya hatua chache bila kugeuka, kana kwamba anatazama maua.

Tukafika kwenye lango la mbao, jekundu, limefifia. Hapo nilipata nafuu, kwa sababu mbao ninazijua. Nikaligonga kwa vifundo vya vidole, nikasikiliza. Mbao nzito, imekaushwa vizuri, mtu hakudanganya. Ndani watoto walikuwa wanaimba somo kwa pamoja, wale wadogo wanaopiga kelele kuliko wanavyojua. Ilikuwa shule. Askari wa langoni alipomwona mama wa kijana akasimama wima, akacheka, akaongea naye sana, akaonyesha kwa kiganja urefu wa mtoto mdogo, kisha akainua kiganja juu, juu zaidi, hadi mkono ukaisha. Nikajua anamweleza jinsi jengo litakavyoongezwa orofa.

Sikumpigia dada yangu kuhusu shule. Niliogopa.

Halafu tukaingia kwenye duka la dawa za miti. Duka la giza lenye ukuta mzima wa droo ndogondogo kuanzia sakafuni hadi darini, na mzee mmoja nyuma ya meza akipima mizizi kwenye mizani. Naye alimjua mama. Wakaongea. Kisha mama akanigeukia, akajipiga kifuani, akakohoa. Si kikohozi cha utani. Alikohoa akainama, akashika ubavu. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu mama akakunja mikono yote miwili mbele yake kama mtu aliyebebwa, ama aliyebeba kitu kizito, sikujua, akayumba huku na huku, akanyoosha kidole nje, mbali, barabarani, akanitazama machoni.

Haiya! Mambo yote yakanifungukia. Kumbe ni mgonjwa. Kumbe ana kifua, anahitaji mtu wa kumbeba, na mtu huyo ni msichana wangu! Ndiyo maana kisima, ndiyo maana daraja, ndiyo maana ananiwekea nyama kwenye bakuli. Wanatafuta muuguzi! Mtoto niliyemsomesha mitambo aje kuchemsha mizizi katika nchi ya watu hadi mvi zimtoke! Hasira ilinipanda kutoka kwenye visigino, na huko chini tayari kulikuwa na hasira nyingine. Mzee akanipa kipande cha mzizi ninuse. Nikanusa. Kilinuka kama dawa ya kupaka ng'ombe. Nikamrudishia, nikasema asante kwa namna ambayo mtu wa Nakuru angejua haikuwa asante, nikatoka.

Nilitangulia mbele. Sikujua njia lakini nilitangulia. Kwenye kona nikasikia upepo wa ile pikipiki ya kimya, nikageuka, mama huyo anashuka kwenye lami anatazama kinyume. Nikarudi, nikamshika kiwiko, nikamvusha, nikamwachilia, nikaendelea kukasirika. Hapo kisigino kikaingia katikati ya mawe mawili na kikabaki huko. Mguu ulitoka, kiatu hakikutoka.

Nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya mji wa watu, mwanamke mzima, mwenye yadi. Machozi yalikuwa karibu, na sikujua ni ya kiatu au ni ya nini. Yule mama akanikalisha kwenye ngazi ya mlango wa mtu. Akafungua mfuko wake, akatoa viatu vya kitambaa, vipya, vyeusi, vyenye maua madogo pembeni. Akavitia miguuni mwangu yeye mwenyewe, amechuchumaa. Vilinitosha. Vilikuwa vyangu, alikuwa amemuuliza msichana wangu namba ya mguu tangu jana yake, na alikuwa amevibeba begani tangu asubuhi akingoja kiburi changu kiishe. Akaking'oa kile cha kanisani kutoka kwenye ufa, akakifuta vumbi, akakiweka na mwenzake mfukoni.

Ni vigumu kukasirika ukiwa umevaa viatu vizuri, lakini nilijitahidi.

Mahali pa mwisho palikuwa ua wa nyumba ya orofa mbili, ya zamani, baiskeli zimerundikwa chini ya ngazi. Tukapanda. Kwenye mlango wa pili mama akasimama bila kufanya ishara yoyote. Nikajua sasa ndiyo nyumba kubwa, nyumba yenyewe, wameiweka mwisho kama tunavyofanya sisi. Nikautazama mlango. Mbao hafifu ya kubandika, na rangi imepakwa juu ya rangi. Ai, nikasema moyoni, nimeipata kasoro! Nikaugonga kama kawaida yangu nisikie ndani kuna nini.

Mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na kijana nisiyemjua, kifua wazi, mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni.

Tukatazamana. Mimi sikuwa na lugha, yeye hakuwa na mdomo. Mama wa kijana akaanza kuinama na kuomba radhi haraka haraka, akaeleza jambo refu, na yule wa mswaki akasikiliza, uso ukalainika, akasogea kando tuone. Kilikuwa chumba kimoja. Kitanda, dirisha, jiko la sahani moja, suruali juu ya kiti. Mama hakuingia. Aliangalia pembe moja ya chumba kile, karibu na dirisha, ambako hapakuwa na kitu ila ndoo ya plastiki, akaiangalia sana. Kisha akamshukuru yule kijana, akamwonyesha afute povu, tukashuka. Nilimfuata nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Inakuwaje watu wana daraja na hawana nyumba?

Msichana wangu alitukuta kwenye kiti cha mawe kando ya mfereji, na maandazi yao ya mvuke kwenye karatasi. Alitazama viatu vyangu, akatazama uso wangu, akauliza polepole, "Amekuonyesha nini?"

Nikamwambia. Kisima chao, daraja la babu yao, shule yao inayoongezwa orofa, na duka la dawa anakotibiwa kifua, na kwamba mimi sikumzaa mtu aje kuwa muuguzi. Msichana wangu akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini, maandazi ameyashikilia kifuani. "Mama! Hawana kitu! Wamepanga nyumba maisha yao yote!" Yule mama akauliza jambo, msichana akamtafsiria huku anajifuta macho, na yule mama naye akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena tafsiri ilipofika kwa babu mwenye ndevu. Nilikaa katikati yao nikila andazi kwa hasira.

Kisha mama akaanza kusema, taratibu, na msichana wangu akaacha kucheka. Alinitafsiria akiwa ametazama maji. Kisimani ndipo alipokuwa akimwogesha kijana wake joto likizidi, akimmwagia ndoo kichwani. Darajani ndipo mtoto alipoanguka akapasua kidevu. Langoni mwa shule yule askari alikuwa akimtunza hadi mama atoke kazini. Na kifua kilikuwa cha mtoto. Majira yote ya baridi ya mwaka mmoja alimbeba mikononi kutoka kile chumba hadi kwa muuza dawa, kwenda na kurudi. Kile chumba ndicho walichoishi wawili, na mtoto alilala pale penye ndoo.

"Sasa mimi ananionyesha ya nini?" nikauliza, sauti imenishuka.

Msichana wangu akaacha kutazama maji. "Kijana amepata kazi Olkaria, huko kwetu, Mama. Kwenye mitambo ya mvuke. Sisi wawili tunataka kurudi nyumbani. Hatukukuambia kwa sababu hatukujua kama mama yake atakubali, na ukishafurahi wewe hakuna wa kukuzuia. Alisema kwanza anataka kutembea na mwanamke atakayebaki na mtoto wake."

Kumbe mimi ndiye niliyekuwa ninakaguliwa! Tangu asubuhi! Nikakumbuka kilemba, ule mzizi, mguu mmoja hewani, mtu wa mswaki. "Na ameona nini?" nikauliza. Sikutaka kujua, lakini ningefanyaje.

Wakaongea. "Anasema una hasira."

"Ameona wapi?"

"Anasema umekasirika kuanzia kwa muuza dawa hadi hapa, lakini kila barabara ulirudi kumshika mkono. Amesema sawa. Mimi na kijana twende Kenya."

Nilikuwa nimeshinda. Nilichokijia Uchina kilikuwa kimewekwa mapajani mwangu pamoja na andazi, na hotuba yangu sikuitumia hata neno. Nilifurahi, siwezi kudanganya, nilifurahi nikahisi moto masikioni. Halafu nikamtazama yule mama anavyokunja karatasi ya maandazi, anaikunja tena, ndogo, ndogo zaidi. "Muulize," nikasema, "yeye sasa atabaki na nani?"

Msichana akauliza, akasikiliza. "Anasema, na wewe ulibaki na nani?"

Mama akanigeukia, akaniuliza swali moja, na safari hii hakumtazama mtafsiri, alinitazama mimi. "Anauliza, kijana wake akiugua huko kwetu, utamwambia ukweli ama utamficha?"

Nikasema kama ilivyo. "Kwetu mtu wa mbali hashtuliwi. Anaambiwa mambo yakishatulia."

Nikangoja. Msichana wangu hakutafsiri. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea zipu ya koti.

"Wee, mwambie!"

"Mama," akasema, "ile baridi ya mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipokuambia nina mafunzo na siwezi kupiga simu... Sikuwa na mafunzo. Nilikuwa hospitali. Mapafu. Karibu niende."

Ule mfereji ulikuwa hapo, na boti ya takataka ikipita, na mtu akivua majani kwa wavu. Ninavikumbuka vyote. Nilikuwa Nakuru wakati huo, nikiuza mbao, nikiwaambia wateja kwamba msichana wangu anasoma zaidi.

"Nani alikuwa na wewe?"

Akamwonyesha yule mama kwa kidevu. "Alilala kwenye kiti hadi nikatoka. Tulikuwa hata hatujachumbiana vizuri, mimi na kijana. Alitaka kukupigia simu kila siku. Alilia akitaka nimpe namba. Nilimkataza, nikamwambia utapanda ndege ukiwa na panga."

Nilitaka kumchapa na kiatu, lakini viatu nilivyovaa vilikuwa zawadi ya yule mama. Badala yake nililia, mahali ambapo sikuwa nimepapanga, kwa sauti ile ile ya kushinda mashine, na yule wa wavu akaacha kuvua akatutazama. Mama wa kijana akanishika kiwiko. Akanishika vile vile nilivyomshika barabarani.

Nilipoweza kuongea nikamwambia msichana, "Mwambie nitamwambia. Hata kama ni mafua. Hata kama ni mwiba."

Akamwambia. Mama akafikiri, akatoa simu yake, akampa msichana wangu maagizo. Msichana akachukua simu yangu, akaniwekea ile programu wanayotumia huko, akaminya hapa na pale, akanirudishia. Mama akavaa miwani, akatafuta jina langu kwa kidole, akabonyeza, akaweka simu sikioni, akangoja. Yangu ikalia mkononi.

"Anajaribu kama inashika," msichana wangu akasema.

Nikapokea. "Haloo," nikasema. Mama aliyekaa kando yangu, bega kwa bega, akasema jambo ndani ya simu, refu, la upole, akitazama maji. Nikasema, "Ndiyo. Nimesikia." Akasema jingine. Nikamwambia habari za yadi, na mvua, na kwamba chumba cha kijana kitakuwa upande wa jua. Msichana wangu akasema, "Lakini si mnaweza kukata sasa, inashika," na hakuna aliyemsikiliza.